Betri mbili au betri kubwa? Ulinganisho wa njia za kuchaji redio za upepo kwa malindo, kumbi na shule za Dar es Salaam

Katika malindo mengi ya Dar es Salaam, kuanzia mageti ya Mikocheni na Masaki hadi maghala ya Vingunguti na Kurasini, zamu hubadilishwa saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na redio ya upepo (walkie-talkie) hutoka mkononi mwa anayeondoka ikaingia mkononi mwa anayeanza kazi bila kupumzika hata dakika tano. Hapo ndipo kijana anayekabidhi lindo humwambia mzee anayempokea, "Shikamoo mzee, hii imebaki kijistari kimoja," na mzee huyo, mwenye saa kumi na mbili za giza mbele yake, hana la kufanya isipokuwa kuizima redio na kuiwasha pale tu anapotaka kuita. Redio iliyozimwa haiitiki. Msimamizi wa zamu akiwa na taarifa ya gari linalozunguka mtaani bila taa, ataita lindo hilo na hatajibiwa, na hatajua kama mlinzi amelala, ameumizwa au ameishiwa chaji.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza redio ipi inafika mbali zaidi, na maduka ya Kariakoo yako tayari kulijibu swali hilo kutwa nzima. Suala la chaji huachwa mpaka mzigo ukishafika kazini, kisha huamuliwa na yeyote aliyeketi karibu na soketi. Hapa ninaliweka mbele, kwa kulinganisha njia zilizopo moja kando ya nyingine, na msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji aupime anapoendelea: kinachoamua ni iwapo kazi yenyewe inalala au hailali. Shule hufungwa jioni, sherehe huisha usiku, na duka kubwa hushusha milango yake. Redio za huko zina saa za kutosha za kukaa kwenye chaja. Lindo halilali, wala mapokezi ya hoteli, wala geti la hospitali, na kwa hiyo mpango wowote unaotegemea redio yenyewe kukaa kwenye chaja utashindwa huko hata kama vifaa vimenunuliwa kwa fedha nyingi.

Redio hula chaji kiasi gani

Kabla ya kulinganisha chaja ni lazima kujua matumizi, kwa sababu betri inayodumu siku nzima kwa mtu mmoja inaweza kuisha kabla ya adhuhuri kwa mwingine. Tuchukue mfano wa redio ya wati 4 au 5 yenye betri ya mAh 1500 (miliampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri). Ikiwa imewashwa tu na inasubiri, tuseme inakula miliampea 60. Inapopokea sauti na spika ikafanya kazi, 250. Na mtu anapobonyeza kitufe cha kuongea, 1500. Kuongea, kwa maneno mengine, kunakula mara 25 ya kusubiri. Watengenezaji hupima muda wa betri kwa mgawanyo wa 5-5-90, yaani asilimia 5 ya muda ni kuongea, asilimia 5 ni kusikiliza na asilimia 90 ni kusubiri. Kwa mgawanyo huo, wastani wa redio yetu ni kama miliampea 140, na betri yake mpya itadumu kwa muda wa saa kumi na nusu. Zamu ya saa kumi na mbili haimaliziki.

Sasa mpe redio hiyohiyo msimamizi wa ukumbi siku ya harusi, anayewaita wapishi, wa muziki, wa maegesho na wa getini kila baada ya dakika chache. Akiongea asilimia 15 ya muda na kusikiliza asilimia 10, wastani unapanda hadi karibu miliampea 295, na betri inakwisha baada ya saa tano tu. Betri ileile ikishachoka na kubaki na asilimia 70 ya ujazo wake, saa tano zinakuwa tatu na nusu, na bibi harusi bado hajaingia ukumbini.

Kuna hatua moja isiyo na gharama ambayo ningependa ichukuliwe kabla ya kununua chochote. Redio nyingi zina nguvu ya juu na nguvu ya chini ya kurusha mawimbi, na ndani ya kiwanja kimoja, ukumbi mmoja au eneo la shule, wati 1 inatosha kabisa. Kuiweka redio kwenye nguvu ya chini hupunguza sana kinacholiwa wakati wa kuongea, na faida hiyo hupatikana siku hiyohiyo. Vivyo hivyo, zima mpango wa redio kurusha sauti yenyewe kila inaposikia kelele, kwa sababu karibu na jenereta au muziki wa harusi redio hiyo itakuwa inarusha mfululizo hadi ife.

Betri mbili za kawaida dhidi ya betri moja kubwa

Huu ndio ulinganisho wenye uzito kuliko yote mengine. Muuzaji atakuonyesha betri nene ya mAh 3800 inayoingia kwenye redio iliyokuja na betri ya mAh 1800, na hesabu ya haraka itaonekana kuipendelea: ujazo ni maradufu, kitu cha kutunza ni kimoja, na hakuna haja ya kubadilisha kitu usiku. Kwa mtu anayetoka asubuhi na kurudi jioni, kwa mfano mpimaji ardhi anayekwenda Bagamoyo au kiongozi wa msafara wa magari, hesabu hiyo ni sahihi na ningemshauri aichukue.

Kwa lindo, hesabu hiyo inavunjika mara tu tunapoitazama chaja. Chaja nyingi za mezani za redio za bei nafuu hutoa miliampea 400 hadi 500. Betri ya mAh 1800 hujaa kwa muda wa saa nne hadi tano. Ile ya mAh 3800 huhitaji saa nane hadi kumi, na katika saa hizo zote lindo halina redio. Betri mbili za mAh 1800 zina ujazo unaokaribiana na ile kubwa, lakini moja inapokuwa kazini, nyingine ipo kwenye chaja, na ndani ya zamu ya saa kumi na mbili kila moja inapata muda wa kujaa na kubaki na ziada. Mlinzi anapopokea lindo anapokea redio pamoja na betri iliyojaa, anazibadilisha mbele ya anayemkabidhi, na mabishano ya nani aliimaliza chaji yanakwisha.

Faida ya pili ya betri mbili huonekana baada ya mwaka au zaidi. Betri za lithiamu-ayoni kwa kawaida huhesabiwa kudumu mizunguko 300 hadi 500 ya kujaa na kuisha kabla ya kupungua ujazo kwa kiasi cha kuonekana. Lindo linalomaliza betri moja kila siku hufikia mizunguko hiyo ndani ya mwaka mmoja na nusu. Kwa betri mbili zinazopokezana, kila moja hubeba nusu ya mizunguko, na moja ikifa ghafla redio bado ina nyingine. Betri kubwa ikifa, redio nayo imekufa mpaka mtu aende mjini.

Kuna sharti moja. Hakikisha chaja yako inapokea betri peke yake, ikiwa imetolewa kwenye redio. Nyingi zinapokea, kwa kuwa vibati vya chuma vya kuchajia viko mgongoni mwa betri, lakini zipo redio ambazo huchajiwa kupitia mwili wake tu, na hizo hazifai kabisa kwa lindo la saa ishirini na nne. Ijaribu dukani: toa betri, iweke kwenye chaja, subiri taa iwe nyekundu. Ukiwa hapohapo, ishike betri ya ziada mkono mmoja na ile ya asili mkono mwingine. Betri inayodai ujazo mara mbili katika umbo lilelile, huku ikiwa nyepesi kuliko ya asili, lebo yake si ya kuaminiwa.

Chaja moja moja dhidi ya chaja ya matundu sita

Redio nyingi huuzwa na chaja yake ndani ya boksi, na kwa hiyo ofisi yenye redio sita huanza na chaja sita zisizodaiwa fedha ya ziada. Hiyo ni faida ya kweli, na nyingine ni kwamba chaja moja ikiungua, tano zinabaki. Hasara zake huja taratibu. Adapta sita za ukutani hazienei kwenye ekstensheni moja ya kawaida, hivyo ekstensheni ya pili huchomekwa kwenye ya kwanza, na meza inakuwa na waya kumi na mbili ambazo hakuna anayezijua. Hatari kubwa zaidi ni kuchanganya adapta. Adapta ya redio moja inaweza kutoa volti 5 na ya nyingine volti 10, na pini zake zikawa zinalingana. Mtu akichomeka isiyo yake, ama betri haitajaa kamwe huku taa ikiwaka, ama chaja itaungua. Mwenye kubaki na chaja moja moja na aandike kwa makapeni, kwenye adapta na kwenye chaja, namba ileile, siku ileile anayofungua boksi.

Chaja ya matundu sita inahitaji soketi moja na inakaa mahali pamoja. Watu hutaja uhaba wa soketi kama sababu ya kuinunua, lakini thamani yake kubwa iko kwingine: msimamizi akipita mara moja anaona taa sita, anajua tundu la tatu liko tupu na kwamba betri namba 3 haijarudishwa. Chaja zikiwa zimetawanyika, moja kwenye meza ya mhasibu, nyingine jikoni, nyingine nyuma ya televisheni ya mapokezi, hakuna macho yanayoweza kuziona kwa pamoja. Kwa shule yenye redio kwa madereva wa mabasi, matroni na mwalimu wa zamu, ambapo vyote vinapaswa kuwa vimerudi saa kumi na moja jioni na kutoka saa kumi na moja alfajiri, chaja ya pamoja naiona kuwa ya lazima.

Udhaifu wake ni kwamba ikifa, vyote vimekufa. Dawa yake ni nyepesi: zile chaja moja moja zilizokuja na redio zisitupwe wala kugawiwa watu, mbili au tatu zifungwe kwenye mfuko na kuwekwa kabatini. Angalia pia kama chaja hiyo inatoa mkondo kamili kwa kila tundu au inaugawanya. Baadhi ya zile za bei ya chini hupunguza kasi matundu yote yakijaa, na betri iliyokuwa ikijaa kwa saa nne inachukua usiku kucha.

Kuchaji kwa waya wa USB

Redio na betri mpya nyingi sasa zina tundu la USB, na katika jiji ambalo kila mtu ana chaja ya simu na wengi wana pawabenki, urahisi huo si wa kudharauliwa. Umeme ukikatika, redio inaweza kuchajiwa kutoka kwenye pawabenki, kompyuta mpakato au gari. Kwa kikundi kidogo cha watu watatu wanne wanaotembea, kama waongoza watalii wanaopeleka wageni kisiwa cha Mbudya au timu ya wapiga picha, ningechagua njia hii bila kusita.

Kwa ofisi yenye redio nyingi siipendekezi kuwa njia kuu. Waya wa USB unaofaa redio unafaa pia simu, na waya unaofaa simu haukai mezani hata wiki. Tundu lenyewe ni dogo, huingia vumbi na jasho, na likilegea betri nzima haina kazi, ilhali vibati vya chaja ya mezani huvumilia kuwekwa na kutolewa kila siku kwa miaka. Zaidi ya hayo, baadhi ya betri zenye tundu la USB-C hukataa kuchaji kwa waya ulio na ncha ya USB-C pande zote mbili, na hukubali tu ule wenye ncha pana ya zamani upande wa adapta. Mlinzi asiyejua hilo atachomeka jioni na kukuta asubuhi haijaingia hata tone. Ichukuliwe basi kama njia ya akiba, na waya wake ufungwe kwenye kifungo cha kamba pamoja na redio.

Aina ya betri na joto la Pwani

Kwa miaka mingi redio za kazi zilitumia betri za nikeli-kadimiamu, ambazo ni nzito, zenye uvumilivu mkubwa, na zilizohitaji kumalizwa kabisa mara kwa mara ili zisipoteze ujazo. Zikafuata za nikeli-haidraidi, zilizobeba chaji zaidi kwa ukubwa uleule lakini zenye tabia ya kuvuja chaji zikiwa zimekaa: betri ya kawaida ya aina hiyo inaweza kupoteza robo ya chaji yake ndani ya mwezi mmoja bila kuguswa, na katika joto hupoteza zaidi. Leo lithiamu-ayoni ndiyo imeenea, nayo huvuja asilimia chache tu kwa mwezi. Kwa kamati ya msikiti, kanisa au mtaa inayofungia redio kabatini kuanzia sherehe moja hadi nyingine, tofauti hiyo peke yake inatosha kuamua.

Kosa linaloendelea ni kuzitendea betri za lithiamu kwa desturi za nikeli-kadimiamu. Wapo wasimamizi wanaoamuru redio iachwe mpaka izime yenyewe ndipo ichajiwe, wakiamini wanailinda. Betri ya lithiamu haina haja hiyo. Kuimaliza kabisa kila siku kunaichosha, na kuichaji ikiwa imebaki nusu hakuidhuru hata kidogo. Kinachoidhuru ni joto, hasa joto likikutana na chaji iliyojaa. Kati ya Januari na Machi hewa ya Dar es Salaam hufika nyuzi 32 na zaidi mchana, na ndani ya kibanda cha bati getini, au kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Posta, joto hupita hapo kwa mbali. Betri za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45, na betri iliyotoka juani ikawekwa kwenye chaja papo hapo iko karibu na kikomo hicho. Iache ipoe kivulini nusu saa. Chaja yenyewe iwekwe mahali penye hewa, mbali na dirisha la magharibi, na isifunikwe kitambaa cha kuzuia vumbi inapofanya kazi.

Kwa redio zinazohifadhiwa muda mrefu bila kazi, betri isihifadhiwe imejaa wala imekwisha. Ibaki karibu asilimia 40 hadi 50, itolewe kwenye redio, kisha ichajiwe siku moja kabla ya kazi. Hapa kuna mvutano wa kweli, kwa sababu redio ya dharura ni lazima iwe imejaa muda wote. Kwa redio ya dharura ya shule au ya jengo refu ningekubali betri ichoke mapema na ibadilishwe kabla ya wakati wake, kuliko kuitunza vizuri halafu moto ukatokea ikiwa na nusu ya chaji.

Vipo pia vikasha vinavyopokea betri ndogo za AA badala ya betri ya kuchaji. Redio ikitumia kikasha hicho hurusha vizuri zaidi kwa nguvu ya chini, na gharama yake kwa matumizi ya kila siku haibebeki, lakini kikasha kimoja kabatini pamoja na pakiti ya AA ambazo hazijafunguliwa ni akiba isiyohitaji umeme wa mtu yeyote.

Umeme ukikatika au luku ikiisha

Kiasi cha nishati kinachohitajika ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, na ndiyo maana jenereta ni chaguo lisilolingana na kazi hii. Betri moja ya volti 7.4 na mAh 1800 ina wati-saa 13 hivi. Betri sita ni wati-saa 80, na tukiongeza kinachopotea njiani, 120. Kuwasha jenereta kwa ajili hiyo pekee ni kuunguza petroli kwa saa tano ili kupata umeme ambao feni moja ingeumaliza kwa usiku mmoja. Kama jenereta inawashwa kwa sababu nyingine, zichajiwe hapohapo. Lakini chaja zichomekwe baada ya jenereta kutulia, kwa kuwa volti hupanda na kushuka inapowashwa na inapozimwa.

Kifaa kidogo cha UPS cha kompyuta, kile kinachoshikilia umeme unapokatika, huonekana kufaa, ila ndani yake mara nyingi kuna betri ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kwa karatasi, na sehemu kubwa huliwa na kifaa chenyewe. Hakiwezi kujaza redio sita. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600. Ikiwa ni ya asidi tunatumia nusu tu ili isife mapema, na hiyo nusu inajaza betri zetu sita mara mbili na kubakiza ziada. Paneli ya wati 50, kwa jua zuri la Dar es Salaam, hurudisha kwa siku moja kiasi kinachokaribia au kuzidi mahitaji hayo, isipokuwa wakati wa masika ambapo mawingu hukaa siku kadhaa. Afadhali zaidi kutafuta chaja ya redio inayopokea volti 12 moja kwa moja, kama zile za kuchomeka kwenye gari, kwa sababu kuugeuza umeme wa betri kuwa volti 230 kwa inveta na kuurudisha tena kuwa volti chache ni kuupoteza mara mbili.

Hata hivyo, kwa kukatika kwa kawaida kwa saa chache, akiba iliyo bora ni ile betri ya pili. Lindo lenye betri moja mkononi na nyingine imejaa mezani lina saa ishirini mbele yake kabla ya kuhitaji soketi, na katika saa ishirini umeme utarudi, au mtu atanunua luku.

Taa ya kijani inaposema uongo

Chaguo lolote litaharibika bila uangalizi, na uangalizi wenyewe si mkubwa. Redio ichajiwe ikiwa imezimwa, kwa sababu ikiwashwa inakula huku inalishwa, na chaja inaweza kushindwa kutambua imejaa. Taa ya kijani inayowaka haraka kuliko zamani isimfurahishe mtu: betri iliyokuwa ikijaa kwa saa nne na sasa inajaa kwa saa moja na nusu imepoteza ujazo, na itakwisha upesi vilevile. Njia rahisi ya kuijua ni kuandika kwenye kila betri namba yake na mwezi iliponunuliwa, kisha kuwa na daftari moja lenye namba ya betri, saa ilipotoka na saa ilipoanza kulia kuomba chaji. Baada ya wiki mbili tatu daftari litaonyesha bila ubishi betri ipi ya kuondolewa.

Hewa ya bahari ina chumvi, na kuanzia Kigamboni hadi Kunduchi vibati vya kugusana vya betri na chaja hupata ukungu wa kijani au mweusi ambao hukata mkondo. Kifutio cha penseli hupasafisha vizuri, na kitambaa kilicholoweshwa spiriti kidogo humalizia. Sandpepa isitumike, inaondoa rangi ya juu ya chuma na kutu inarudi upesi zaidi. Betri iliyovimba, hata kama bado inafanya kazi, itolewe siku hiyohiyo. Isitobolewe, isichomwe pamoja na takataka, wala isirudishwe kwenye chaja kujaribiwa.

Walio kwenye bohari za mafuta za Kurasini na Kigamboni wana sharti linalotangulia ulinganisho wote huu. Huko hutumika redio na betri zilizothibitishwa kutotoa cheche, betri ya ziada ni lazima iwe na uthibitisho uleule, na kubadilisha betri kufanywe nje ya eneo la hatari, kamwe si kando ya matangi. Betri ya kubahatisha kwenye redio iliyothibitishwa inaufuta uthibitisho wote. Na kwa yeyote anayepanga bajeti, gharama ya leseni ya masafa kutoka TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ihesabiwe mwanzoni pamoja na vifaa.

Fedha ikiwa haitoshi vyote

Mwenye lindo la saa ishirini na nne ambaye tayari ana redio na ana fedha kidogo aanze na betri ya pili kwa kila redio, za aina ileile na ya asili, kabla ya chaja nzuri na kabla ya sola. Chaja moja moja alizonazo zitamtosha kwa sasa, mradi ziwekwe kwenye meza moja. Fedha ikipatikana tena, anunue chaja ya matundu sita. Mwenye shule au ukumbi afanye kinyume: chaja ya pamoja kwanza, kisha betri za ziada mbili tu kwa wale wanaoongea sana, ambao kwenye harusi ni msimamizi wa ukumbi na mtu wa maegesho, na shuleni ni mwalimu wa zamu. Sola na betri yake ya volti 12 zifuate baadaye kwa wote wawili, isipokuwa kwa kiwanja au shamba la pembezoni, Chanika au Kisarawe, ambako nguzo ya umeme haijafika. Huko sola ndiyo ya kwanza, na ununuzi wa redio usubiri mpaka iwe imefungwa.